Meza Katika Mtumbwi wa Maneno

Miaka ile reli ya Mjerumani ilipokuwa ikitambaa kutoka Dar es Salaam kuja Morogoro, palikuwa na mtu kwenye Mto Ruvu aliyeitwa Maneno, na huyu Maneno hakuwa na nyumba. Alikuwa na mtumbwi. Ulichongwa kwa gogo moja la mvule, mrefu, mwembamba, kingo zake zimeongezwa mbao, na katikati una banda la nyasi la kukingia jua na mvua. Alibeba mpunga na ndizi za watu wa bondeni akazishusha mpaka kambi ya wajenzi wa reli, yeye nyuma na upondo wake wa kusukumia, mwenzake Salum mbele. Kazi ikiisha Salum alirudi kwao kijijini. Maneno alibaki mtumbwini na mkewe Hidaya, maana hapo ndipo walipolala, ndipo walipopika, ndipo walipokula.

Si kwamba alikosa pa kujenga. Hidaya alikuwa mtu wa Kinole, huko juu mlimani, na kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa huonyeshwa mahali na wajomba wa mke. Mjomba wake Hidaya alimwonyesha Maneno kipande kizuri, chenye migomba tayari na maji karibu. Maneno akashukuru, akateremka, asirudi tena.

"Mimi nikalime shamba la kuonyeshwa kwa kidole?" alimwambia Salum. "Kesho nikigombana na mke wangu nitaondoka na nini? Mtumbwi ni wangu."

Mama yake Hidaya, Bi Mosi, akayapata hayo. Hakugomba. Alisema tu, "Basi mwanangu anaishi ndani ya mzinga kama nyuki, na asali yenyewe siioni." Wabeba ndizi walicheka, wakateremka na neno hilo mpaka mtoni, na Maneno akalisikia akiwa anapakia magunia. Alijifanya hakusikia. Lakini tangu siku ile, kila alipoinama kuingia chini ya banda lake, aliona kweli linafanana na mzinga.

Hidaya akashika mimba. Ilikuwa apande kwao akajifungulie kwa mama yake, kama desturi. Lakini masika yaliwahi mwaka ule, njia ya Kinole ikawa utelezi mtupu, na miguu ya Hidaya ikavimba hata kushuka mtumbwini akawa anashikiliwa. Wakatuma salamu kwamba hataweza kupanda. Jibu likarudi upesi: "Basi nitateremka mimi."

Maneno aliposikia, akaanza kuupima mtumbwi wake kwa macho. Mkwe mwanamke kwa mila zao hatazamwi machoni. Ukikutana naye njiani unampisha vichakani, ukimwamkia unachuchumaa mbali na kuangalia pembeni, na kula mbele yake ni jambo lisilosemeka. Sasa huyo mkwe atakaa wapi katika mtumbwi ambao mtu akitaka kupita lazima ageuke ubavu? Maneno alitundika mkeka mzito nyuma ya banda, akakata shauri kwamba upande wa tezi utakuwa wake na upande wa mbele wa wanawake. Hilo lilikwisha. Likabaki la chakula. Yeye na Hidaya walipakata sahani magotini, kwa sababu sakafu ya mtumbwi haikosi maji.

"Mama atapakata sahani kama mpagazi?" alimwuliza mkewe.

"Mama amekula shambani miaka yote," Hidaya alisema. "Hatakuja kutazama sahani. Anakuja kunitazama mimi."

Lakini Maneno alikuwa ameshaona meza moja kambini kwa wajenzi wa reli, meza ya kukunja, inayofunguliwa wakati wa kula na baadaye ikapotea kama haikuwapo. Aliwaza: nikiwa na kitu kama kile, mama mkwe atakula mezani kama mke wa akida, na neno lake la mzinga atalimeza mwenyewe. Kulipokucha akamwacha Hidaya mikononi mwa dada yake Salum, akashika njia ya Morogoro.

Mjini alikwenda kwanza kwa Dhirajlal, Mhindi mwenye duka, ambaye mpunga mwingi alioubeba Maneno ulikuwa mali yake. Dhirajlal alimtolea meza ya duara yenye miguu mitatu ya kukunja.

"Ya Ulaya hii," alisema. "Mtumbwi wako una upana gani?"

Maneno akatanua mikono. "Hivi."

Dhirajlal akatazama. "Huo si upana, Maneno. Huko ni kumkumbatia mtoto."

Mkewe, Bhanumati, aliyekuwa akipepeta dengu mlangoni, akacheka kidogo akafunika mdomo. Maneno akaona uso unamwaka. Alijaribu meza nyingine, ya turubai na miguu ya kupishana, iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ilikunjika vizuri, lakini ikifunguliwa hapakuwa na mahali pa kuweka magoti. Akairudisha.

"Nenda Kilakala kwa Alois," Dhirajlal akamwambia. "Seremala, alifundishwa na mapadri. Ana takataka nyingi za mbao."

Alois alikuwa na meza iliyomngoja Maneno, ungedhani. Alimtengenezea sista mmoja mwenye chumba chembamba, na sista akahamishwa kabla haijakwisha. Ilikuwa ubao mmoja mrefu, mwembamba, unaofungwa ukutani kwa bawaba. Ukiutaka unaunyanyua, mguu mmoja unaanguka chini na kuutegemeza. Usipoutaka unaushusha, unalala ukutani kama mlango uliofungwa. Maneno aliinyanyua, akaishusha, akainyanyua tena.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo."

"Ngoja kwanza," Alois alisema. "Niliitengenezea sakafu ya saruji. Mtumbwi una tumbo, bwana. Mguu huu utateleza. Lala hapa leo, kesho nikutengenezee kikingio cha kuupokea chini, na kamba ya kuushika juu."

"Hicho nitafanya mwenyewe. Mkwe wangu yuko njiani."

"Utafanya kweli?"

"Mimi mtu wa mtumbwi. Unanifundisha mtumbwi?"

Alois akamwachia. Walikubaliana kwamba Maneno atambebea mbao zake kwa maji masika yakipungua, na Maneno akaupachika ubao kichwani akaondoka.

Njiani ndipo alipoharibu. Karibu na mto alikutana na wanawake wa Kinole waliokuwa wakirudi kwao na chumvi. Walimwona na ule ubao mpya, bawaba zinang'aa.

"Eh, Maneno! Huo mlango?" mmoja akauliza. "Umejenga?"

Angesema tu, hapana, ni meza. Lakini aliwaona wanavyomtazama, kwa mshangao na heshima kidogo ambayo hajawahi kuiona machoni mwa watu wa Kinole, na ulimi ukamteleza. "Ndiyo," alisema. "Tunajenga."

"Alhamdulillahi! Bi Mosi atafurahi."

Akapita haraka. Alijiambia kwamba maneno ya njiani huishia njiani.

Aliifunga meza ubavuni mwa mtumbwi siku ile ile, chini ya banda. Hidaya aliitazama ikinyanyuliwa na kushushwa, akasema ni nzuri. Kikingio cha mguu alikusudia kukifanya, lakini mpunga ulikuwa unangoja, kisha mvua ikanyesha, kisha akaona mguu unasimama vizuri tu kama mtumbwi umetulia. Akaacha.

Bi Mosi aliteremka siku ya jua. Hakuja peke yake. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa ukoo, mmoja na chungu kipya kichwani na mwingine na kinu kidogo na mkeka wa mlangoni, vitu vya kumpelekea mtu aliyehamia nyumba. Maneno aliwaona kutoka mbali akaelewa papo hapo. Akaingia matetani, akachuchumaa.

"Shikamoo mama," aliamkia kutoka huko, macho yapo majini.

"Marahaba," Bi Mosi alijibu hewani. Kisha akamwambia binti yake, "Haya, tupeleke. Nyumba iko wapi?"

Hidaya akashangaa. "Nyumba gani, mama?"

"Nyumba ya mumeo. Tumeambiwa anajenga. Ameonekana na mlango."

Hidaya alitazama matete, akatazama mtumbwi, akatazama ule ubao ubavuni, na Maneno aliona kwamba ameelewa. Hakusema neno la kumwumbua. Alisema, "Watu wamekosea kuona, mama. Ile ni meza. Amekununulia wewe."

Wale wanawake wawili wakaangaliana. Mmoja akatua chungu mchangani polepole kama mtu anayeogopa kukivunja. Hawakukaa. Walikunywa maji wakarudi mlimani, na Maneno akajua wanarudi na nini vinywani. Bi Mosi alipanda mtumbwini, akainama chini ya banda, hakusema kitu. Angetukana ingekuwa nafuu.

Kesho yake Maneno alichinja kuku. Hidaya akapika wali wa nazi na mchuzi, akainyanyua meza, akatandika kitambaa safi, akamkalisha mama yake. Maneno alikuwa tezini, nyuma ya mkeka wake, na sahani yake magotini, bila kula. Alikuwa anasikiliza. Alisikia vijiko. Alisikia mkono ukipita juu ya ubao, ukiupapasa.

"Mbao hii imerandwa na fundi," Bi Mosi alisema.

Basi. Neno dogo la sifa, tena si lake hata, la Alois. Lakini lilimwingia Maneno kama uji wa moto mtu akiwa na njaa, na akataka kusikia linalofuata. Akajisogeza kuelekea mkeka, akaegemea upande ule. Mtumbwi ukalala.

Mguu wa meza ukateleza kwenye tumbo la mtumbwi kama alivyosema Alois. Ubao ukaanguka, na sufuria ya mchuzi, iliyotoka motoni punde hiyo, ikammwagikia Bi Mosi mapajani. Alipiga kelele, akaivua nguo yake kwa mkupuo mmoja akaitupa. Na Maneno, aliposikia ile kelele, hakukumbuka mila wala mkeka. Alichana mkeka akaingia, mtumbwi ukayumba, akaanguka kifudifudi, mikono yake miwili juu ya magoti ya mkwe wake, na mkwe wake hana nguo.

Wakatazamana. Mwaka na zaidi tangu aoe alikuwa hajauona uso wa mama yule sawasawa, na sasa aliuona wote, na macho yake, na kila kitu.

Mtu hutamani ardhi ipasuke immeze. Maneno hakuwa na ardhi hata ya kutamani. Alijitupa mtoni. Akatokea ng'ambo ya pili akipanda ukingo kwa mikono na miguu, na Hidaya alimwita, "Maneno! Baba, rudi!" Alimsikia vizuri. Hakugeuka.

Alikwenda mpaka kambi ya reli, akaomba kazi ya kuponda kokoto, na kazi ya kokoto haina mtu anayekatazwa. Wasimamizi walikuwa wakali na kiboko hakikosi, lakini Maneno aliponda kama mtu anayelipa adhabu yake mwenyewe. Watu walipomwuliza ametoka wapi alisema Ukutu, asiutaje mto wala Kinole. Waliposimulia habari za wake zao, yeye aliondoka akaenda kuchota maji. Kila alipofumba macho aliona ule uso. Akiwaza kurudi, aliona wale wanawake wawili na chungu chao, akaona Kinole nzima imeshajua, mpaka watoto. Siku zikapita namna hiyo, mvua juu ya mvua.

Salum ndiye aliyemkuta. Alikuja na mtumbwi wa mtu mwingine kuleta mpunga, akamwona kwenye lundo la mawe, akamsogelea.

"Mkeo amejifungua," alisema. "Mtoto wa kiume."

Maneno akaweka nyundo chini. "Wazima?"

"Wazima. Si kwa sababu yako. Mto ulifurika, mtumbwi ukajaa maji na uchungu umeshamshika. Mimi nilikuwa nimekwama ng'ambo, sikuweza kuvuka. Yule mama peke yake aliing'oa ile meza, akailaza juu ya mataruma, zile mbavu za mtumbwi, akamlaza mwanawe hapo pakavu. Akawa anamzalisha kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anatoa maji kwa kata."

Maneno alitaka kuuliza kama Hidaya alimwita katika uchungu ule, na akaogopa kuuliza.

Walirudi pamoja. Mtumbwi ulikuwa umefungwa pale pale. Maneno alichuchumaa ukingoni, mbali, uso chini, Salum akiwa amesimama katikati. Hidaya alikuwa chini ya banda na mtoto, hakutoka. Bi Mosi alitoka, akakaa omoni, mbele kabisa ya mtumbwi, akaupa mgongo ukingo. Alikuwa karibu kiasi cha kusikika bila kupaza sauti, lakini hakumsemesha Maneno, alimsemesha Salum.

"Salum, huyo mtu amekuja?"

"Amekuja, mama."

"Mwambie sikuungua sana. Malengelenge yamekauka. Nimezaa watoto sita, nimeuguza, nimeosha maiti. Sijafa kwa kuonwa magoti."

"Amesikia, mama."

"Mwambie kunikimbia mimi ni adabu. Nami ningekimbia. Lakini kumkimbia mkewe, huko ni nini? Mwambie anijibu. Aliitwa jina lake mpaka sauti ikakauka. Hilo ni nini?"

Salum akamtazama Maneno. Maneno alifungua mdomo. Alikuwa na maelezo mengi kwenye lundo la kokoto, alikuwa ameyapanga vizuri, na yote yalimhusu yeye na mama mkwe. Hata moja halikumhusu Hidaya. Akaanza kulia, pale ukingoni, mbele ya Salum.

"Hana jibu, mama," Salum alisema kwa sauti ya chini.

"Sawa. Si mwongo leo, basi. Mwambie nitaondoka na mwanangu akipata nguvu. Kile kipande cha mjomba bado kipo. Akitaka mke, njia anaijua."

Maneno alipanda Kinole. Alimpelekea mkwe kuku na kaniki mpya, kama inavyotakiwa kufuta haya ya namna ile, na vikapokelewa na mtu mwingine mlangoni. Akajenga kwenye kipande alichoonyeshwa. Hapakuwa na siku iliyokuwa nyepesi. Alipopita kisimani wanawake walinyamaza, na alipokwisha kupita alisikia kicheko kimoja kimebanwa puani. Vijana wakikaa kula waliambiana, "Shika meza, shika meza!" na yeye alitazama udongo wake akaendelea kulima. Hidaya alimpikia, alimfulia, alikuwa mke mwema. Lakini ilichukua muda mrefu mno kabla hajamwita baba tena, na Maneno hakudai.

Reli ilifika Morogoro, mizigo ikahamia kwenye mabehewa, mtumbwi ukauzwa kwa Salum.

Mtoto alipewa jina na bibi yake, siku zile zile za mafuriko, kabla ya baba yake kurudi. Alimwita Mtoro. Si jina geni. Watu wengi waungwana wanalo. Lakini kila mtu Kinole alijua kwa nini mtoto huyu aliitwa hivyo, na kwamba aliyetoroka si yeye.

Mtoto alipofikia umri wa kwenda chuoni, mwalimu wa Kurani, mtu mpole, alikuja nyumbani akasema jina lina uzito wake, kwa nini wasimwite Abdallah. Bi Mosi alikuwapo, amezeeka sasa, amekaa upande wa wanawake nyuma ya mlango. Alisema kutoka huko, "Mimi nilikuwa na hasira siku ile. Libadilisheni, sina neno."

Wakamngoja Maneno. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua tope kwenye jembe kwa kijiti.

"Ameshalizoea," alisema mwishowe.

Mwalimu alitaka kusema zaidi. Hidaya akamletea maji ya kunawa, mazungumzo yakaishia hapo. Chakula kilikuwa tayari na mtoto yuko nje, anachezea tope migombani. Maneno alitoka kumwita. Alimwita kwa jina hilo, kwa sauti ndogo, kama alivyomwita siku zote, maana kulipaza hakuwahi kuweza. Ikabidi amfuate huko huko migombani, amshike mkono.